Mstari na Urari: Maneno ya Kusomea Sanaa za Kutazamwa

Nia ya makala haya ni kueleza mambo mawili yaliyo msingi wa kila kazi ya sanaa ya kutazamwa, yaani mstari na urari, na kuonyesha kwamba Kiswahili kinayo maneno ya kuyaelezea kwa usahihi, ila maneno hayo yamekaa zaidi vinywani mwa mafundi na wafanya biashara kuliko katika vitabu vyetu vya sanaa. Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo ni ya kweli kwa jambo lililo wazi. Lakini mbele ya kazi ya sanaa mtu aweza kuwa na macho mazima asione, kwa kuwa hana neno la kulishikia lile linalopita machoni pake. Mwalimu anayemwuliza mwanafunzi kwa nini mlango huu wa nakshi wapendeza, akajibiwa kwamba ‘una ulinganifu’, akaridhika, amepokea jibu ambalo, kama tutakavyoona, ni nusu tu ya kweli.

Jambo hili si dogo. Kazi ya fundi huhukumiwa kwa maneno aliyo nayo mwenye kuihukumu. Ikiwa tuna neno moja tu la kutajia uzuri wa mpangilio, basi kila kazi isiyoenea ndani ya neno hilo itahesabiwa kuwa na kasoro, hata kama fundi aliikusudia iwe hivyo na akaifikia nia yake barabara.

I. Mstari na jamaa zake

Neno mstari lina asili ya Kiarabu, katika mzizi uleule unaotoa neno la safu ya maandishi. Waandishi wa vitabu katika nchi za Kiislamu walikuwa na chombo kilichoitwa kwa jina la mzizi huo: ubao uliofungwa nyuzi zilizonyoshwa. Karatasi iliwekwa juu ya nyuzi hizo na kukandamizwa kwa kidole, ikapata alama za mistari isiyo na wino, na juu ya alama hizo mwandishi aliandika. Basi mstari, kwa asili yake, ni kitu kilichonyoshwa. Ni njia inayotengwa kabla ya kazi yenyewe kuanza.

Neno hati nalo lina ujamaa na maana hii. Katika Kiarabu neno lililotuletea hati humaanisha mstari na humaanisha mwandiko pia. Kiswahili kilipokea upande wa mwandiko, kikauacha upande wa mstari. Hata hivyo, kwa mwandishi wa khati mambo hayo mawili hayatengani. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, hukumbukwa kwa kuweka kanuni ya kupima herufi zote kwa alifu, na alifu yenyewe kwa nukta za kalamu. Alifu si kitu ila mstari mmoja uliosimama. Lakini mstari huo ukawa kipimo cha herufi nyingine zote.

Hata hivyo, si kila mstari uonekanao katika kazi ya sanaa ni mstari kwa maana hiyo ya kunyoshwa. Kiswahili hutenga aina kadhaa, na yafaa mwenye kueleza sanaa azitenge vilevile. Mfuo ni alama iliyochimbwa, kama kijibonde chembamba katika mti au katika chokaa. Mlia ni ukanda wa rangi juu ya rangi nyingine, kama tuonavyo katika jina la punda milia. Ukingo ni mahali kitu kinapokoma na kingine kuanza. Hapo hapana aliyechora kitu, lakini jicho huuona mstari. Mbele ya kazi yoyote, swali la kwanza si ‘mistari yake iko wapi?’ bali ‘mistari yake ni ya namna gani?’

Tofauti hizi zina faida katika kutazama. Mlia huonekana vilevile asubuhi na jioni, maana ni rangi. Mfuo haufanyi hivyo. Mfuo huishi kwa kivuli: jua likiupiga kwa ubavu, huwa mweusi na mnene, likiuelekea uso kwa uso, hufifia. Mtu atazamaye nakshi za mlango katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja asubuhi, kisha akarudi alasiri, ataona kana kwamba fundi amerudi kazini wakati yeye hayupo. Fundi wa nakshi hachongi mistari tu. Huchonga mahali pa kivuli kukaa.

Hapa kitenzi kuchora chatusaidia pia. Leo wengi wakisikia kuchora hufikiri penseli na karatasi. Lakini maana yake ya tangu zamani yahusu hasa kuchonga na kukwaruza kwa kitu chenye ncha. Katika magofu ya Kilwa, kwenye kuta za Husuni Kubwa, mna vyombo vya baharini vilivyokwaruzwa katika lipu. Hivyo ndivyo kuchora kulivyokuwa: mkono, ncha, na kitu kigumu kinachokataa. Mstari uliotoka katika ukinzani huo hauwezi kufanana na mstari wa kalamu itelezayo.

II. Mstari kama mwili

Maneno yetu ya kutajia mwelekeo wa mstari yana sifa moja ya ajabu: yanauhesabu mstari kuwa na mwili. Mstari wima ni mstari uliosimama. Neno wima latokana na shina la kale -ima, lenye maana ya kusimama. Boriti mbili za pembeni mwa mlango huitwa miimo, na mwimo, katika shina hilohilo, ni kitu kisimamacho. Mstari wa mlalo ni mstari uliolala. Kati ya hayo mawili uko mshazari, yaani mstari wa kwenda upande, usiosimama wala usiolala.

Kwa hiyo mtu akiuliza kwa nini mistari ya mlalo huleta utulivu katika picha, na ya wima huleta nguvu au heshima, na ya mshazari huleta mwendo, lugha yenyewe imekwisha kumjibu. Kilicholala kimepumzika. Kilichosimama kina nguvu ya kujizuia kisianguke. Kilichoinama ama kinaanguka, ama kinakimbia, ama kimeegemea kitu. Tazama jahazi likiwa safarini: bahari imelala, mlingoti umesimama, na foromali imekwenda mshazari. Ondoa mshazari huo, na jahazi litaonekana limetia nanga.

Ziko pia mistari ya kupinda, nayo ina maneno yake: tao, duara, mviringo. Ziko na zile zilizopotoka kinyume cha nia ya fundi, ambazo huitwa kombo au benibeni. Mwashi ana timazi kwa kuujua wima na pimamaji kwa kuujua mlalo, lakini hakuna chombo cha kumjulisha kama tao lake linapendeza. Hapo ndipo jicho huanza kazi yake, na hapo ndipo tunapoingia katika jambo la pili.

III. Ulinganifu na urari

Ulinganifu ni hali ya vitu viwili kuwa sawa kwa kukabiliana, kama kofi mbili za mikono zinavyokabiliana. Jaribio lake ni kukunja: ukiikunja kazi katikati, upande mmoja ukalala juu ya mwingine bila ya kupishana, kazi hiyo ina ulinganifu.

Urari ni jambo jingine. Twalitumia neno hili katika hesabu tusemapo urari wa malipo au urari wa biashara, na matumizi hayo yatueleza maana yake vizuri. Nchi inayouza kahawa na korosho, ikanunua mafuta na mitambo, haina vitu vilivyofanana katika pande mbili za daftari lake. Hakuna awezaye kukunja daftari hilo katikati, korosho zikalala juu ya mitambo. Lakini jumla za pande zote mbili zaweza kuwa sawa, na zikiwa sawa twasema pana urari. Vivyo hivyo na mizani ya muuza duka: katika kitanga kimoja mna jiwe la chuma, katika kitanga cha pili mna sukari. Chuma na sukari havilingani kwa sura, wala kwa rangi, wala kwa ukubwa. Hata hivyo mkono wa mizani umetulia.

Picha iliyo bora zaidi ya jambo hili ni ile ya mzegazega, yaani mizigo miwili iliyoning’inizwa katika ncha mbili za mpiko na kuchukuliwa begani. Mchukuzi wa maji akiwa na madebe mawili yaliyojaa sawasawa, huweka bega katikati ya mpiko; huo ni ulinganifu na urari pamoja. Lakini akiwa na debe zima upande mmoja na ndoo ndogo upande wa pili, hasumbuki kutafuta debe jingine. Husogeza bega karibu na debe, na ndoo ikabaki mbali, katika ncha ndefu ya mpiko. Sasa pande zake hazilingani, lakini anatembea bila ya kuyumba. Huo ni urari usio na ulinganifu. Msomaji akishika mfano huu mmoja, ameshika kanuni kubwa ya mpangilio katika sanaa: kitu kidogo kilicho mbali na katikati chaweza kukipima kitu kikubwa kilicho karibu nayo.

Yabaki kuuliza ni nini kinachofanya kitu kiwe kizito kwa jicho, kwa kuwa rangi juu ya karatasi haina ratili. Ukubwa huleta uzito. Hali kadhalika weusi, na ukali wa rangi, na wingi wa nakshi mahali pamoja. Umbali na katikati huzidisha uzito, kama tulivyoona. Juu ya hayo, kila kitu kinachodai kusomwa ni kizito kuliko ukubwa wake: jicho, uso, na maandishi. Mtu hawezi kupita mbele ya uso asiutazame, wala mbele ya neno katika lugha aijuayo asilisome.

IV. Mlango wa nakshi

Tuyajaribu maneno haya katika mlango. Mlango wa nakshi wa pwani una kizingiti cha juu, miimo miwili, mbao mbili za kufungua, na mfaa, yaani boriti iliyosimama katikati mahali mbao hizo zinapokutana. Ukiutazama umefungwa, utasema una ulinganifu kamili: mwimo kwa mwimo, ubao kwa ubao, na mfaa katikati kama mshipi.

Lakini mfaa haukusimama peke yake. Umepigiliwa katika ubao mmoja tu, nao huufunika ukingo wa ubao wa pili kwa nje. Kwa kuwa mlango hufunguka kwa ndani, ubao usio na mfaa ndio utangulizwao kufunguliwa, na wenye mfaa hufuata. Kwa hiyo mbao mbili zilizoonekana pacha si pacha hata kidogo: moja imebeba mapambo ya katikati, ya pili imepewa njia. Ulinganifu wa mlango uko machoni. Katika matumizi yake mna mkubwa na mdogo. Mwanafunzi aliyejibu ‘una ulinganifu’ alisema kweli juu ya mlango uliofungwa, naye hakuugusa.

Tena, tukikunja mlango kwa upande wa juu na chini, ulinganifu hautokei kabisa. Wingi wa nakshi umekaa juu, katika kizingiti, ambacho katika milango ya mtindo wa kale hunyoka kwa mlalo, na katika milango mingi ya mwisho wa karne ya 19, chini ya athari ya Kihindi, hupinda kwa tao. Kwa kipimo cha uzito mlango huo ungepasa kuonekana unaanguka kichwa chini. Hauanguki, kwa sababu ya miimo. Katika milango mingi ya Unguja nakshi za miimo huanzia chini, penye samaki au ua, kisha hupanda kwa mawimbi au kwa matawi mpaka kufika kizingitini. Jicho linaloshuka kwa uzito wa kizingiti hupokewa na mistari inayopanda. Huo ni urari wa mwendo: kushuka na kupanda vimepimana.

V. Kanga

Kanga, ambayo watu wa Mombasa huiita leso, ina sehemu tatu: pindo, mji, na jina. Pindo huzunguka pande zote nne. Mji ni uwanja wa kati. Jina ni maneno yaliyoandikwa katika mji, kwa desturi karibu na pindo la chini. Kanga nyingi zikikunjwa kushoto kwa kulia, mapambo yake hukutana. Zikikunjwa juu kwa chini, mapindo hukutana, lakini jina halikutani na kitu. Linabaki peke yake.

Mtu anayejua ulinganifu tu ataliona jina kuwa limevunja mpango. Lakini jina ndilo linaloipa kanga juu na chini, na bila yake mji ungekuwa kama zulia lisilo na kichwa wala miguu. Nalo si zito kwa ukubwa wake, maana ni mstari mmoja mwembamba wa herufi. Ni zito kwa kuwa ladai kusomwa. Mchoraji mwema wa kanga hulijua hilo, akaipa sehemu ya juu ya mji pambo pana la kulipima. Yule asiyejua huweka pambo katikati hasa ya mji, kisha akaliingiza jina katika nafasi iliyosalia, na macho ya mtazamaji yakavutwa chini yasirudi. Zaidi ya hayo, kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyo sawa. Basi ulinganifu ambao kipande kimoja kimeuacha, doti imeurudisha.

VI. Ubao wa Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa sehemu za Tunduru, alianza kuchora picha mjini Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki mwaka 1972. Kwa miaka hiyo michache alichora kwa rangi za mafuta za kung’aa, zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao za kubandika dari, na mtindo wake ukachukuliwa na wengi hata ukaitwa kwa jina lake. Katika picha zake nyingi mnyama mmoja hujaza ubao, na nyuma yake pana rangi tupu au karibu tupu.

Picha za namna hii hazikunjiki. Mnyama aliyetazamwa kwa ubavu ana kichwa upande mmoja na mkia upande wa pili, na kiwiliwili chake huwa kikubwa kupita kiasi. Hapa pana mzegazega hasa. Kiwiliwili ni debe. Kichwa, pamoja na jicho lililo wazi, ni ndoo ndogo katika ncha ndefu ya mpiko. Jicho hilo, kwa kuwa linatutazama, lina uzito wa kutosha kukipima kiwiliwili kizima. Rangi tupu ya nyuma nayo si mahali palipoachwa kwa uvivu: ndiyo inayoutoa ukingo wa mnyama, na ukingo ndio mstari mkuu wa picha. Mtu akimwambia mchoraji wa mtindo huu ajaze nyuma miti na milima ili picha ‘ilingane’, amemwambia aufute mstari wake.

VII. Ushahidi wa ushairi

Wasomaji wa jarida hili huenda wakasema kwamba maneno mizani na urari wanayajua zaidi katika ushairi kuliko katika uchoraji. Ni kweli, na ushairi watupa ushahidi wa mwisho. Tusemapo urari wa vina na mizani, twakiri kwamba ubeti ni kitu kinachopimwa. Ukwapi na utao wa shairi, kila kimoja kikiwa na mizani 8, ni vitanga viwili vya mizani moja. Huo ni ulinganifu wa hesabu.

Lakini tazama ubeti wa utendi. Una vipande vinne vya mizani 8. Vitatu vina kina kimoja, na cha nne kina kina kingine, ambacho hurudi mwishoni mwa kila ubeti tangu mwanzo wa utendi hata mwisho. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, umejengwa hivyo. Ndani ya ubeti mmoja, vitatu viko upande huu na kimoja upande ule, ukiukunja, haukunjiki. Hata hivyo hakuna msikilizaji anayeuona ubeti huo kuwa umeinamia upande, maana kile kimoja kina uzito wa beti zote zilizotangulia. Washairi wetu waliujua urari usio na ulinganifu, wakautumia kwa mamia ya beti. Hatuna haja ya kuuazima ng’ambo ili tuufundishe katika uchoraji.

Napendekeza, basi, kwamba katika kamusi za istilahi, katika vitabu vya shule, na katika maelezo ya majumba ya makumbusho, neno ulinganifu litengwe kwa kazi ambazo pande zake zinakabiliana kwa sura, na neno urari litumike kwa kazi ambazo pande zake zinapimana kwa uzito. Neno mstari libaki jina la jumla, na chini yake mfuo, mlia na ukingo yapewe mahali yake. Hakuna hata moja kati ya haya lililo geni; kazi iliyobaki ni kuyaandika mahali yatakapoonekana.

Tena kazi hiyo haifai kucheleweshwa. Mwezi wa Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Unguja mwaka 1883 katika enzi ya Sayyid Barghash, ilianguka. Jengo likianguka huonekana, na watu hukusanyika kutafuta njia ya kulisimamisha tena. Neno likianguka halitoi kishindo. Siku atakapokosekana mtu wa kusema mfaa ni upi na umepigiliwa katika ubao gani, atakayeagizwa kuutengeneza mlango uliovunjika atachonga mbao mbili zilizo sawasawa, na boriti katikati isiyo ya yeyote kati yao. Nao mlango huo, pamoja na ulinganifu wake wote, hautafunguka.